Herufi ya Pili Kwenye Nyundo

Butiama, 3 Februari 2024

Mwanangu Nyangi,

Salamu nyingi. Gibson na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila miguu tu. Simu anashikaga baba yako mdogo Mniko, ndiyo maana nimempa Emanuel katekista barua hii.

Wachimba mtaro wa maji wamekuta mifupa ya mtu nyuma ya zizi la zamani. Ilikuwa na chombo cha chuma: huku nyundo, huku kishoka, na mpini ukiufungua unakuwa koleo la kung'olea misumari. Mniko amewaambia wazee ni mbebaji mizigo wa enzi za Mjerumani, azikwe upesi.

Nyangi, baba yako Clementi alikuwaga na chombo kama hicho. Aliondoka nacho kwenda kisiwani Rukuba kutengeneza mitumbwi, wewe unanyonya. Hakurudi. Mniko ndiye aliyesema alimsindikiza mpaka ziwani, tena baadaye akasema kaka yake ameoa huko. Nikamwamini. Mwisho akanichukua yeye, nikamzalia Machage.

Chombo nimekiiba, Emanuel anacho. Wewe unauza vifaa vya ujenzi, kiangalie. Kweli ni cha wakati wa Mjerumani?

Mama yako,
Matrida

Nyakato, Musoma, 8 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Huku mtoto wetu mdogo alishikwa na malaria, sasa anacheza. Miguu uikande na maji ya moto.

Nimekisugua kwa mafuta ya taa, zikatokea herufi nne. Ya kwanza D, mbili za mwisho G na M. Ya pili imeliwa na kutu. Nikatuma picha mtandaoni kwa Wajerumani wanaokusanya zana za kale. Wanasema ni alama ya kulinda ubunifu. Ya pili ikiwa R, chombo kinaweza kuwa cha enzi za Mjerumani. Ikiwa B, kimetengenezwa baada ya vita ya pili, Mjerumani alishaondoka huku zamani.

Mimi naona mguu wa R. Tulia, mama. Waache wamzike huyo mtu.

Binti yako,
Nyangi

Butiama, 12 Februari

Mwanangu,

Hamjambo? Mimi nilitulia kidogo. Tumezika juzi. Mniko alitoa mbuzi na kusali kwa sauti kuliko katekista.

Lakini anakitafuta chombo. Amemuuliza Machage, amewauliza wachimbaji, jana amepekua jikoni kwangu. Chuma chenye kutu vile anakitakia nini? Kisugue tena.

Mama yako

Musoma, 16 Februari

Mama,

Shikamoo. Salamu zangu leo fupi.

Nilikiloweka kwenye siki, kutu ikatoka. Ni B. Ule mguu niliouona ulikuwa kutu. Nimetuma picha tena na wote wamejibu vilevile: alama hiyo haikuwepo kabla ya 1949. Mbebaji wa Mjerumani hawezi kufa na kitu ambacho hakijatengenezwa.

Mama, nadhani ni baba. Nisamehe nilivyokuambia utulie. Usimwambie Mniko neno. Hamia kwa Emanuel. Jumatatu nakuja na Gibson, tutapitia polisi.

Binti yako,
Nyangi

Butiama, 18 Februari

Mwanangu,

Niko hai, niko kwa Emanuel. Kunyamaza kumenishinda.

Nilimkuta anakunywa uji. Nikamwambia, "Mniko, chombo kile siyo cha mbebaji. Kimetengenezwa Mjerumani ameshaondoka." Akaweka kikombe chini. Nilingoja aniite mwendawazimu, au anipige. Akauliza tu, "Nani mwingine anajua?"

"Nyangi."

Akavaa koti, akatoka. Ameonekana stendi akipanda gari la Sirari, mpakani. Machage amemfuata kumrudisha, anasema nimemsingizia baba yake. Akirudi sijui nitamtazama vipi.

Mimi nilikwenda pale tulipofukia, nikalia kwa sauti. Majirani wakaja mbio, wanawake wameshajifunga kanga viunoni, wakiuliza nani amefariki. Nikawaambia, mume wangu. Wakauliza lini. Nikasema zamani, ila mimi ndiyo nimepata taarifa leo.

Wamekaa nami. Wengine wameleta kuni. Njoo, mwanangu, tumlie baba yako.

Mama yako,
Matrida wa Clementi