Kutu Chini ya Bulonyi

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa Nyabiondo tuko, tunakusalimia sana. Mama yako ameacha kukohoa, na maharage yametoa maua. Unauliza kwa nini betri ya gari yako haichaji, na alternateri, ile mashine ya kuichaji, iko mupya.

Wakati wa vita, jeep yetu ya kubeba wagonjwa ilizimika njiani mara mbili. Nilimwambia fundi mwenzangu, Kambale: "Weye njo uliharibu alternateri."

Akajibu: "Kaka, pima kwanza nyaya."

Sikupima. Nilimfukuza mbele ya watu. Akaondoka kwa miguu kuelekea Walikale, na mapigano yakafunga njia nyuma yake.

Siku chache baadaye nikapima, injini ikiwaka. Alternateri ilitoa volti kumi na nne, lakini betri ilipata kumi na mbili tu. Zile mbili zilipotelea kwenye waya wa masi, unaounganisha betri na injini. Chini ya bulonyi yake, ile bolti inayoukaza, palijaa kutu. Nikaisugua, jeep ikapona.

Kambale hakurudi. Mke wake hunisalimia kwa upole kanisani, akiamini mume wake njo aliharibu jeep. Sijamwambia bado. Wewe njo wa kwanza kujua.

Babu yako