Shahada Lazima Iingie Nyumbani

2 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo wewe na wagonjwa wako? Sisi wazima, ila nyumba imegawanyika. Nimepata nafasi mbili za uuguzi: stashahada ya miaka mitatu, chuo kimepakana na hospitali, na shahada ya miaka minne, ambako wodini unaingia mwaka wa pili. Kaka yako hataki kusikia stashahada. Mimi naogopa damu. Nikija kuikimbia mwaka wa pili, si nitakuwa nimekosa huku na kule? Wewe ulianzia kwenye cheti, nishauri.

Mwanao

9 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inanung'unika. Njia yangu ilinizoesha kazi mapema, lakini kila kupanda cheo kulinirudisha darasani. Stashahada niliisoma na mimba ya binamu yako, tumbo likigombana na dawati. Ya shahada unaimaliza kwa mkupuo mmoja na mlango wa uongozi unaukuta wazi, ila mgonjwa unamwona umechelewa. Kabla hujachagua, njoo wodini kwangu wiki moja. Hiyo damu muonane ana kwa ana.

Shangazi yako

27 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nilifika salama. Najua bado mnanicheka: kidonda cha mzee mmoja kilifunguliwa, nikaanguka mimi, na mwenye kidonda akashuka kitandani ili nilazwe. Lakini kesho yake nilirudi, na siku ya mwisho nikashika bakuli la pamba mpaka kidonda chake kikafungwa. Yule mzee akaniambia, "Leo kitanda ni changu." Kazi yangu ni hii, Shangazi, na nataka kuianza mapema, kwa stashahada. Baba amekataa. Anasema shahada lazima iingie nyumba hii, hata kwa kupitia dirishani. Tarehe kumi vyuo vinataka jibu. Nimelia mpaka nimechoka.

Mwanao

3 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Nimempigia kaka yangu, nikamuuliza kama mimi si wa nyumba hiyo. Akasema ni wa hapo hapo. Basi nikamwambia shahada inakuja, ila naileta mimi. Nimeomba ile ya wauguzi walio kazini. Kila mwaka nilisema mwakani, lakini kukuona umeanguka na kesho yake umerudi kumenitoa woga. Baba yako alicheka mpaka akakohoa. Kasema uwajibu watu wa stashahada.

Na ukifika huko, daftari zako za hesabu za dawa usizitupe. Nitaziazima.

Mwanafunzi mwenzako,
Shangazi