Rhoda Ndiye Anayemgeuza Bata

"Bata mzima wa nini, na wewe wamekuacha peke yako?" Hivyo ndivyo jirani yetu Rhoda alivyonianza leo asubuhi, kisa moshi wa hema langu la kupikia umeingia kwenye nguo alizoanika. Nikamwambia, "Ni bata bukini wa kwanza kuwindwa na mjukuu wangu Sherman. Wa kwanza huletewa bibi. Wewe wako wamekuletea nini?" Akageuka, akaanza kuanua nguo zake. Nilimkosea, wanawe hawajakanyaga hapa tangu Krismasi.

Clarence mwanangu, najua wewe na Sherman mmekuja kuchukua petroli mrudi kambini kuwinda. Nimeenda kliniki, goti tena, narudi saa saba. Bata ananing'inia kwa uzi juu ya moto. Mafuta yanayodondoka yakingeni kwa sufuria. ~~Mkiwa na haraka, kuleni mwende.~~ Hapana, nisubirini. Wiki mbili nakula na redio, inanitajia tu nani kaangusha bata wangapi.

Anayezungusha uzi ni Rhoda. Nilipotoka na koti nimemkuta keshakaa hemani. Bata akiiva atataka kwenda zake. Sherman amshike mkono, amwambie, "Shangazi, ingia ndani, tule."

Mama yenu, bibi yake Sherman