Mguu Wangu Umepata Joto Tena

Mwende mjukuu wangu,

Mimi susu yako hapa Katangi niko salama, na mbaazi zimechanua. Umeuliza kama niliogopa daktari aliposema mshipa wa damu umeziba chini ya goti. Niliogopa sana. Nilipokuwa msichana, baba yangu alienda hospitali na kidonda cha mguuni kama changu, akarudi na mguu mmoja. Hakulalamika. Alisema tu, "Nimerudi kwenu." Nilimkumbuka nikiwa macho kitandani, daktari akipitisha waya mwembamba ndani ya mshipa na kuacha kijibomba cha kuuweka wazi. Kisha nesi akanishika wayo. "Susu, mguu umepata joto!" Nikalia kwa shukrani. Jumapili tukienda kanisani, babu yako aliniomba nipunguze mwendo.

Mungu akutunze, mama.

Susu yako