Mafuta Yaliyochacha Jichoni

Nateete, Kampala

Dada yangu Nafula,

Natumaini u mzima, na goti la mama limetulia. Mimi nipo, bado nakaanga mandazi pale karibu na steji. Ukiona maandishi yangu makubwa na mistari imepinda, usinicheke. Ni macho.

Nilikuambia ni moshi. Kumbe ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Juzi daktari alinieleza kwa Kiswahili cha hapa (nyabo ndiyo bibi kwa Kiganda): "Nyabo, ndani ya jicho iko kioo, na hiyo kioo iko na mafuta kidogo. Jua, miaka, na hii sukari yako inaharibu hiyo mafuta, inachacha. Uchafu yake inashika kioo pole pole mpaka inakuwa nyeupe."

Hapo nilimwelewa kuliko alivyotarajia. Mafuta yaliyochacha nayajua kwa harufu tu. Na unajua sisi wakaangaji hatumwagi mafuta ya jana. Tunaongeza mapya juu, kazi inaendelea. Basi nikamuuliza kwa moyo wangu wote, "Huwezi kuniongezea mapya? Hata kama ni ya kunywa, nitakunywa."

Alicheka, halafu akaona mimi sicheki.

"Hapana, nyabo. Hiyo kioo tunatoa yote, tunaweka ingine. Lakini sukari iko juu sana. Siwezi gusa."

Amenirudisha tena nyumbani bila kunipasua. Dawa nameza, chai nanywa bila sukari, chapati nimeacha, lakini nikipimwa sukari iko palepale. Sijui nifanye nini, dada. Nimechoka na ninaogopa. Mandazi siku hizi nayageuza kwa kusikiliza mafuta, na jana niliunguza karai zima. Wateja waliondoka bila kunigombeza. Afadhali wangenigombeza.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu anayefinyanga vyungu, mwambie simsahau. Mama usimwambie kitu. Atataka kuja, na safari ya huku haimfai kwa goti lile.

Picha ya mama uliyonitumia imefika. Nilitoka nayo juani, nikaisogeza mpaka ikagusa pua. Nakato, anayeuza nyanya kando yangu, ndiye aliyeniambia kwamba mama anacheka.

Mdogo wako,
Nekesa