Unga Unaowaka Kijani

Kinoo, Nairobi

Mama yangu mpenzi,

Natumaini barua hii imekukuta umepona ile homa, na kwamba kifua cha baba kimetulia. Mimi ni mzima, ila dharau imenijaa hadi kooni, na wewe ndiwe utakayenielewa.

Nilikwambia juu ya Dokta, mkubwa wangu hapa maabara ya chuo, yule mwenye nyumba ya ukuta mrefu Lavington. Tulikuwa na fuwele moja, jiwe angavu kama kioo. Ukilipiga kwa mashine ya leza, ambayo mwanga wake hauonekani kwa macho, linatoa mwanga wa kijani. Wageni walikuwa waje kuliona, na Dokta aliapa kwamba kijani kisipotokea, kazi yangu imekwisha. Kisha, kwa kuwa wageni wanakuja, akaagiza kila kitu kioshwe. Jiwe lenyewe akaliosha kwa mikono yake, maji na sabuni, kama kikombe cha chai. Msomi mzima, amesahau kwamba linayeyuka kama chumvi. Likaingia ukungu, likapasuka vipande.

Nikavikausha, nikavitia katika kinu kidogo, nikaanza kusaga polepole, mkono ukizunguka kama ulivyonifundisha kusaga wimbi la uji kwa vile hukujaliwa binti. Dokta akanicheka mbele ya wenzangu.

"Wewe ni mwanaume ama ni bibi ya mtu? Kwetu mwanaume hasagi."

Baba mdogo alikuwa akinicheka vivyo hivyo, unakumbuka. Dokta akaongeza kwamba mwanga ukiingia kwenye unga utapotea tu.

Kupotea, ulipotea. Kila punje imeelekea upande wake, mwanga unagonga huku, unarushwa kule, hauna njia. Lakini hata katika kuzurura huko unabadilika. Wageni walipofika nikaupiga kwa leza, na unga wote ukawaka kijani, pande zote. Mama, nilifurahi!

Wageni wakauliza ni nani aliyesaga laini hivyo. Dokta akanyoosha tai yake.

"Hiyo nilisaga mimi mwenyewe."

Basi wanarudi Alhamisi kumtazama akisaga. Jana aliniita kando, akanibembeleza nimwonyeshe kwa siri mkono unavyokwenda. Anaweza kunifukuza, lakini atabaki na kinu na wageni wake.

Nisalimie baba, shangazi anayekutekea maji, na baba mdogo. Huyo mwambie kwamba Dokta wa Lavington ameomba afundishwe kusaga, na nimemjibu kwa maneno yake mwenyewe kwamba kwetu mwanaume hasagi.

Mwanao uliyemweka kwenye jiwe la kusagia,
Wafula