Bibi harusi hashuki

Sumaia, lile gari kuukuu la shangazi Zuleica, la nusu umeme nusu petroli, limezima kwenye njia ya Afungi. Na bibi harusi ndani.

Fundi Nurdine kaliangalia: betri kubwa imeungua, hata gia hazishiki. Kapulana, vile vitenge vya harusi, zilirundikwa juu ya tundu la kupozea betri. Karundika nani? Shangazi mwenyewe.

Betri hiyo bei yake unapata gari jingine.

Wakwe wakaja na pikapu yao mpya. “Ashuke, apande huku. Hilo litupeni.”

Shangazi kasimama mlangoni. “Bibi harusi wetu hashuki njiani.”

Hashuki, Sumaia.

Shangazi akavua viatu, akaanza kulisukuma gari huku anaimba. Wanawake wote tukamfuata.

Pikapu ya wakwe ikaja nyuma yetu, polepole, mpaka mlangoni kwao.